Chumba cha Karaoke, Shinjuku

Kaka yangu anaishi Yokohama, Japani. Ananunua magari yaliyotumika kwenye minada na kuyapakia melini kuja Dar. Miaka yote alikuwa akituambia "njooni basi," nasi tunajibu inshallah ile ya kufunga mazungumzo. Mwaka 2024 mambo yakakubali, viza zikatoka, na mwanzoni mwa Aprili tukatua Narita: mimi, mama yangu na mwanangu wa darasa la kwanza. Baba yake alibanwa na kazi.

Mwanangu ni mtoto wa kuzidiwa. Honi, taa kali, lebo ya shati shingoni, watu kuongea kwa mpigo: kimoja kimoja anavimudu, ila vikimjia pamoja anaziba masikio na kujikunja chini popote alipo. Nimeshakaa naye sakafuni benki, kituo cha daladala, na kwenye harusi ya binti wa shangazi huku matarumbeta yakipulizwa. Ndugu kila mmoja na lake. Anadeka huyo, mchape. Mpelekeni akasomewe. Mama yangu hajawahi kusema lolote kati ya hayo. Mtoto amepewa jina la marehemu baba, kwa hiyo mama humwita "mume wangu," na mume, anasema, hachapwi.

Yokohama ilimpokea vizuri. Alichokipenda kuliko vyote kilikuwa chini ya miguu: vile vigae vya njano vilivyotandazwa kwenye njia za waenda kwa miguu na kwenye stesheni ili wasioona wafuate kwa fimbo na kwa nyayo. Mjomba wake alimweleza kwamba vilianza kutandazwa mji wa Okayama mwaka 1967, na kwamba vina lugha yao. Vyenye mistari vinasema endelea, vyenye vinundu vinasema simama kwanza, mbele kuna ngazi, njia panda au ukingo. Mtoto akafunga ndoa na vigae. Tulikwenda dukani kwa vigae, tukarudi kwa vigae, na akitokea mtu mwenye fimbo nyeupe, tunampisha.

Siku ya kwenda Shinjuku, jijini Tokyo, ilikuwa ya mama. Alikuwa ameyaona maua ya sakura kwenye televisheni, na kaka alishamwahidi bustani ya Shinjuku Gyoen. Alivaa kitenge kipya, juu yake koti la kaka lililomfika magotini, na begi lake la mkononi likiwa limetuna. Treni kutoka Yokohama inakwenda moja kwa moja, nusu saa na kidogo. Ndani kimya kabisa, hakuna anayeongea na simu. Mwanangu alikaa dirishani na vifunika masikio vyake vikubwa vya kifundi, akifurahi.

Kisha tukashuka. Stesheni ile, kabla ya korona, ilikuwa inapitisha abiria zaidi ya milioni tatu kwa siku, na milango ya kutokea inazidi mia mbili. Nilikuwa nimesoma hayo, lakini kusoma na kusimama pale ni vitu viwili. Sauti ya kike inatangaza treni upande huu, ya kiume inatangaza upande ule, kinanda cha milango kinapigwa katikati yao. Juu ya yote hayo kulikuwa na ndege wanaolia.

"Bibi, ndege wako wapi?"

Mama naye akaanza kutazama juu. Kaka akacheka: ni sauti iliyorekodiwa, inatoka kwenye spika, inamwambia asiyeona kwamba ngazi ziko hapa. Mtoto hakuridhika. Alivua vifunika masikio ili amsikie vizuri ndege, na hapo ndipo Shinjuku yote ilipomwingia. Akatafuta vigae vyake. Vilikuwepo, ila foleni ilikuwa imesimama juu yake, na masanduku ya magurudumu yanapita, ka-ka-ka-ka, kinundu kwa kinundu. Nikaona kidevu kinaanza kutetemeka. Akaenda chini.

Nilikaa naye, mgongo wangu ukiwa upande wa watu. Umati ukagawanyika, ukatupita kushoto na kulia, ukaungana tena mbele. Hakuna aliyesimama. Mama aliudhika hasa. "Watu gani hawa? Mtoto analia, hata pole hakuna?" Mimi moyoni nilikuwa nashukuru. Kariakoo tungeshapata mduara, mmoja na maji, mwingine na dua, wa tatu anauliza mama yake ni nani, wote kwa nia njema na wote kwa sauti kubwa. Wapo wanaousifu wema wetu wa kujaa, nami ni mmoja wao siku nikianguka mimi. Mtoto wangu akianguka, nipeni Tokyo.

Aliyekuja ni mfanyakazi mmoja wa stesheni, kijana mwenye glavu nyeupe. Aliiona ile alama nyekundu yenye msalaba na moyo mweupe niliyoitundika kwenye begi. Serikali ya jiji la Tokyo iliianzisha mwaka 2012 kwa ajili ya watu ambao shida yao haionekani kwa macho, na kaka alikuwa ameniombea moja bure kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi. Kijana hakumgusa mtoto. Alisimama hatua chache nyuma yetu, mikono ameitanua kidogo, watu wakampita yeye badala ya kutupita sisi. Baadaye akaongea na kaka kwa sauti ya chini na kutuonyesha lifti.

Nje kaka akasema, "Dada, nakupeleka karaoke."

Nilimwangalia kama kalewa. Saa nne asubuhi, na mtoto huyu?

Kumbe karaoke ya kule si ukumbi. Unakodi chumba kidogo kwa nusu nusu saa, kuta zimezibwa sauti, mlango mzito, taa ya kufifisha. Asubuhi bei inakuwa ya chini. Kaka alilipa, tukaingia, akaminya kitufe runinga ikanyamaza, akapunguza taa. Kwa mbali, chumba cha tatu au cha nne, mtu alikuwa anaimba kwa uchungu mwingi, lakini ilitufikia kama uzi. Mwanangu akaingia chini ya meza na kulala kifudifudi kwenye zulia.

Hakuna aliyesema kitu. Mama alivua viatu, akapandisha miguu kwenye sofa, akafungua begi. Maandazi. Alikuwa ameyakaanga usiku jikoni kwa kaka.

"Mama, chakula cha nje hawaruhusu hapa."

"Kwani nimewaomba sahani?"

Alishusha andazi moja chini ya meza bila kuangalia. Mkono ukalipokea. Baada ya muda likafuata la pili. Kisha mtoto akatoka, akakaa karibu na maikrofoni na kuigeuzageuza. Kaka akamwonyesha kitufe cha kuzungusha cha sauti: huku inapanda, huku inashuka. Akaishusha hadi mwisho, akaipandisha kidogo, akakohoa. Ndipo akasema, kwa sauti ileile ya mwanamke anayetangaza vituo kwenye treni, na lafudhi kamili, kwamba kinachofuata ni Shinjuku:

"Tsugi wa Shinjuku, Shinjuku."

"Shusha!" mama akajibu, akigonga ukuta kama yuko kwenye daladala la Mbagala. "Konda, shusha hapo!"

Abiria yule alipitilizwa vituo mara nyingi sana asubuhi hiyo. Simu ya ukutani ilipolia kutukumbusha kwamba zimebaki dakika 10, mtoto aliruka, akaangalia kitufe, akaona hakiihusu. Kaka akaongeza nusu saa.

Bustani tuliingia siku nyingine, kupitia lango la upande wa Sendagaya, ambako stesheni ni ndogo. Mle pombe na muziki haviruhusiwi, basi watu wengi lakini hakuna fujo. Kiingilio kilikuwa yen 500, watoto bure, na mama kwa umri wake akalipa nusu baada ya kuonyesha pasipoti, jambo lililomfurahisha kuliko maua. Alisimama chini ya msakura, akavuta tawi taratibu hadi puani, akanusa, akanusa tena.

"Mazuri," akasema. "Ila hayanukii. Mume wangu, hebu njoo unuse na wewe, isije ikawa ni pua yangu."