Kiraka cha Mistari Mitatu

Badiliko langu la kwanza lililopokewa katika kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi huo, lilikuwa na mistari mitatu ya msimbo, ilhali maelezo yaliyoitangulia yalichukua aya mbili nzima. Uwiano huo ulinikera wakati ule, kwa kuwa nilizoea kazi za ofisini ambako mtu huandika "marekebisho madogo" kisha akaenda zake. Baada ya kuirudia miongozo ya mradi huo mara nyingi kuliko nilivyotarajia, naona sasa kwamba aya zile mbili ndizo zilizokuwa kazi yenyewe.

Miongozo hiyo imo ndani ya msimbo chanzo, katika saraka iitwayo Documentation, na mchangiaji mpya hukutana kwanza na nyaraka mbili: moja inahusu mtindo wa kuandika msimbo, nyingine inahusu namna ya kutuma viraka. Neno kiraka linafaa sana hapa, kwa sababu fundi cherehani hashoni shati jipya kwa ajili ya tundu moja, bali hukata kitambaa kinachotosha tundu hilo. Na faili inayotumwa kwa msimamizi wa sehemu husika nayo huonyesha tu mistari inayoondolewa, inayoongezwa, na michache ya jirani ili pajulikane mahali pa kushonea.

Waraka wa mtindo uliandikwa na Linus Torvalds, aliyeianzisha kerneli hiyo mwaka 1991, na una utani ambao haupatikani mara nyingi katika nyaraka za kiufundi. Unamshauri msomaji auchapishe mwongozo wa mtindo wa GNU, mradi mwingine wa programu huria, asiusome, kisha auchome moto. Ujongezo, yaani nafasi tupu mwanzoni mwa mstari, ni wa nafasi nane kwa kitufe cha Tab, na wanaotaka nne wanahesabiwa kuwa wazushi, mithili ya mtu anayetaka thamani ya pai iwe tatu kamili. Nyuma ya mzaha huo ipo hoja: ujongezo mpana humsaidia mtu aliyekodolea macho skrini kutwa nzima, na tena humwonya, kwa maana msimbo uliozama zaidi ya ngazi tatu husukumwa hadi ukingoni, na huo ni ushahidi kwamba fanksheni yenyewe, yaani kipande cha msimbo chenye kazi yake maalumu, inahitaji kupangwa upya. Urefu wa mstari unaopendelewa ni herufi 80, ingawa mwaka 2020 programu ya ukaguzi iitwayo checkpatch.pl iliongezewa uvumilivu hadi 100. Mambo haya sina ugomvi nayo wala mapenzi nayo. Mtindo wowote ungefaa mradi wote waufuate, na kwa kuwa mashine inaweza kuukagua, hakuna haja ya watu wazima kubishana juu yake.

Kipengele kimoja cha waraka huo, hata hivyo, kilinishangaza. Chuoni tulifundishwa kwamba amri ya goto, inayoirusha programu hadi mstari mwingine, ni mwiko, lakini miongozo ya kerneli inaipendekeza pale ambapo fanksheni ina milango mingi ya kutokea na kila mlango unahitaji usafi uleule. Fanksheni ikiomba nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, kisha ikasajili kifaa, kisha hatua ya tatu ikashindikana, inapaswa kufuta usajili wa kifaa kwanza na kuirudisha kumbukumbu baadaye, yaani kutengua kwa mpangilio wa kinyume. Na kwa goto usafi huo huandikwa mara moja tu, mwishoni mwa fanksheni, badala ya kurudiwa penye kila kosa. Hapo ndipo nilipoiona hitilafu yangu. Katika kiendeshi kimoja, yaani programu inayoiwezesha kerneli kutumia kifaa fulani, ndani ya staging, sehemu inayowekwa viendeshi ambavyo bado havijafikia ubora unaotakiwa, usajili uliposhindikana fanksheni ilirudi na namba ya kosa bila kuirudisha kumbukumbu iliyokwisha kuombwa. Dawa yake ilikuwa kubadili return iwe goto, kuweka lebo, na kuita kfree, fanksheni inayorudisha kumbukumbu. Mistari mitatu.

Ningaliishia hapo, ningalijiepushia aibu. Kwa bahati mbaya nilikuwa na juhudi za mgeni: nikapanga upya mistari iliyokaa vibaya, nikabadili jina la kigeu lisilonipendeza, nikafunga vyote katika kiraka kimoja, nikaandika kichwa cha habari chenye maana ya "usafi na marekebisho", kisha nikakituma kwa kukinakili katika ukurasa wa barua pepe wa kivinjari changu. Ukurasa huo uligeuza kila Tab kuwa nafasi tupu, kwa hiyo kiraka hakikuweza hata kupachikwa. Miongozo ilikuwa imeonya waziwazi: tuma maandishi matupu, ndani ya barua yenyewe, bila kiambatisho, na ikiwezekana kwa amri ya git send-email, ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Niliisoma sehemu hiyo baada ya kutuma, kama tunavyosoma maelekezo ya dawa baada ya kuimeza.

Jibu lilikuja siku iliyofuata, fupi na lisilo na ukali. Aliyekipitia kiraka changu alisema kimeharibika njiani. Kwamba kina mambo matatu ambayo yanapaswa kuwa viraka vitatu. Na kwamba haelewi kutokana na maelezo yangu ni tatizo gani ninalolitatua na kwa nini nalitatua kwa njia hiyo.

Suala la kugawanya nilidhani ni ukiritimba mpaka nilipoelewa namna hitilafu zinavyosakwa katika mradi wa ukubwa huu. Kerneli hutolewa kila baada ya wiki tisa au kumi, na katika kipindi hicho huingia mabadiliko zaidi ya 10,000. Toleo jipya likikataa kuwaka kwenye kompyuta iliyowaka vizuri kwa toleo la awali, hakuna anayeweza kuyasoma yote. Kinachofanyika ni kuchukua badiliko la katikati, kulijaribu, kuitupa nusu isiyo na hatia, kisha kuikata nusu iliyobaki vivyo hivyo. Kwa majaribio yapatayo kumi na manne, mhalifu mmoja kati ya elfu kumi hujulikana, na Git ina amri ya bisect kwa ajili hiyo. Njia hii inahitaji mambo mawili: kila badiliko liweze kupita kwenye kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, na kuendeshwa likiwa pale lilipo katika mfululizo, na mhalifu akishakamatwa awe na kosa moja la kujibu. Laiti kiraka changu kingeingia kama kilivyokuwa, na kubadili jina la kigeu kukaleta madhara, anayesaka angeangukia furushi la mambo matatu.

Kuhusu maelezo, miongozo inataka yaandikwe kwa hali ya kuamuru, kana kwamba unaiagiza kerneli ibadili mwenendo. Kwa Kiswahili ingekuwa "Rudisha kumbukumbu usajili unaposhindikana", si "nimerudisha" wala "kiraka hiki kinarudisha". Kisha inataka tatizo lielezwe kwanza, pamoja na athari anayoiona mtumiaji, ndipo suluhisho lifuate. Kama hitilafu ililetwa na badiliko fulani la zamani, unaongeza mstari wa Fixes wenye herufi 12 za mwanzo za utambulisho wa badiliko hilo. Kuzitafuta herufi hizo kulinichukua jioni nzima, na katika kuzitafuta niligundua kwamba kasoro yenyewe ilizaliwa siku mtu alipohamisha hatua ya usajili kutoka mahali pengine, kwa sababu nzuri aliyoieleza vizuri. Bila maelezo yake ningeweza kuirudisha hatua hiyo ilikotoka na kuamsha tatizo alilokwisha kulizika.

Chini ya maelezo huwekwa mstari wa Signed-off-by, wenye jina na anwani. Asili yake ni ya kisheria: mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM ikidai kwamba msimbo wake umeingizwa katika Linux, na mwaka uliofuata Torvalds akaanzisha utaratibu ambao kwao kila mchangiaji anathibitisha kwamba ameiandika kazi mwenyewe, au ana haki ya kuitoa chini ya leseni ya mradi. Kila msimamizi anayeipitisha huongeza mstari wake, mfano wa barua ya utambulisho inayotoka kwa mjumbe wa nyumba kumi ikagongwa muhuri wa mwenyekiti wa mtaa na kufika kwa mtendaji wa kata. Zamani lilitakiwa jina halisi. Tangu 2023 maneno yamelegezwa ili kumruhusu mtu atumie utambulisho anaojulikana nao, ila asiyejulikana kabisa hapokewi. Nami nilitumia majina mawili kati ya matatu yaliyomo katika kitambulisho changu, na hakuna aliyeuliza.

Nilituma toleo la pili, lenye alama ya v2 kwenye kichwa na orodha ya yaliyobadilika iliyowekwa chini ya vistari vitatu ili isiingie katika historia ya kudumu ya mradi. Kiraka cha kubadili jina la kigeu nilikiacha, kwani nilipojaribu kuandika sababu yake nilikuta sina. Miongozo inataka mtu asubiri angalau wiki moja kabla ya kukumbusha. Nilisubiri mbili, na cha mistari mitatu kikapokewa.

Miezi kadhaa baadaye nilipata nakala ya kiraka cha mtu nisiyemfahamu. Mstari wake wa Fixes ulikuwa na herufi 12 za badiliko langu: nilikuwa nimeusahau mlango mmoja wa kutokea, wa mwisho kabisa katika fanksheni ileile. Maelezo yake yalianza kwa kurejea hoja yangu, kisha yakaonyesha mahali ilipokomea. Nilikijaribu kwenye mashine yangu, nikaona kimekamilika, nikamjibu kwa mstari mmoja wa Reviewed-by, wa kuthibitisha kwamba nimekikagua.