Kufunga programu kwenye simu ya zamani: lini inasaidia, lini unajisumbua

Simu yenye RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu ulizofungua hukaa) ya GB 1 au 2 ikianza kuganda, kidole cha mwenyewe kinakimbilia kitufe cha mraba: fagia, fagia, futa zote. Dakika tano baadaye imeganda tena, naye anafagia tena. Kuna wakati kufagia huko kunasaidia kweli, ila si huo.

Kwanza njia yenyewe, maana simu za zamani hazifanani. Android yenye vitufe vitatu chini ya kioo, gusa mraba, kadi za programu ulizofungua zijitokeze, kisha sukuma kadi unayotaka pembeni. Kuanzia Android 9 ya mwaka 2018, kadi kwenye simu nyingi zimepangwa kulia na kushoto, hivyo unazisukuma kwenda juu. Samsung zile za kitufe kimoja cha kubonyea, kama Galaxy S3 na S4, hazina mraba. Shikilia hicho kitufe cha katikati sekunde moja hivi. iPhone yenye kitufe cha duara, kibonyeze mara mbili upesi kisha sukuma kadi juu. Ikiwa bado ina iOS 6 au ya nyuma yake, baada ya kubonyeza mara mbili shikilia ikoni kwenye safu inayojitokeza chini mpaka zianze kutikisika, ndipo uguse alama nyekundu.

Sasa, kadi zile hazionyeshi programu zinazofanya kazi muda huo. Zinaonyesha ulikopita. Nyingi zimelala tu kwenye RAM na hazili chaji. Android inaziacha pale ili ukirudi zifunguke haraka, na nafasi ikibana inaziondoa yenyewe, hasa zile ulizoziacha muda mrefu. Ukiifunga WhatsApp mara 20 kwa siku, mara 20 hizo itasomwa upya kutoka kwenye hifadhi na prosesa, yaani ubongo wa simu, itahangaika upya. Kwenye simu kongwe hivyo viwili ndivyo vilivyochoka zaidi. Kwa hiyo unaifanyisha simu kazi ileile unayotaka kuipunguzia.

Kunakosaidia ni hapa. Unajaza fomu ya benki, inakuambia namba ya siri imetumwa kwa SMS. Unatoka kwenda kuisoma, unarudi, unakuta programu ya benki imeanza mwanzo na fomu ni tupu. Si kosa la benki: RAM ilijaa, na ulipofungua ujumbe ile programu ikatolewa. Kabla ya kazi ya namna hiyo, funga kamera, gemu, na kivinjari chenye vichupo kumi, kwa kuwa hao ndio wanaokalia nafasi kubwa. Namba yenyewe isome kwenye taarifa inayoshuka juu ya kioo, usifungue SMS kabisa. Vilevile funga programu iliyokwama, kwa mfano kamera inayoonyesha weusi mtupu, au ramani inayoendelea kukuelekeza njia wakati umeshafika.

Kama unataka kumjua mla RAM hasa, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, tafuta namba ya toleo la muundo (Build number) na uiguse mara 7. Menyu ya wasanidi programu itafunguka. Ndani yake, kuanzia Android 6, kuna orodha ya huduma zinazoendelea, na juu yake mstari wa RAM: ya mfumo, ya programu, iliyobaki. Hapo utakuta programu ambayo hujaifungua wiki nzima imekalia megabaiti mia na zaidi. Kuifagia kwenye kadi hakutoshi, huduma yake itarudi baada ya sekunde chache. Nenda kwenye ukurasa wa programu hiyo katika mipangilio, uilazimishe isimame. Kama huihitaji, iondoe. Facebook ikiwa ndiyo mlaji, weka Facebook Lite, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya simu dhaifu.

Tahadhari: programu uliyoilazimisha kusimama haipokei ujumbe mpaka uifungue tena kwa mkono. Aliyekutumia WhatsApp ataona tiki moja tu. Saa ya kukuamsha nayo, ukiilazimisha isimame, itanyamaza. Kwenye simu za baadhi ya watengenezaji hata kufagia kadi kunaleta matokeo hayohayo, ndiyo maana zimewekewa kufuli kwenye kadi: ifungie programu unayoitegemea, na ukibonyeza futa zote itabaki.

Zile programu za kujitangaza kwamba zinasafisha RAM, achana nazo. Nazo zinakaa humohumo kwenye RAM, na nyingi zinakulisha matangazo.

Mara nyingi mchawi si RAM bali hifadhi iliyojaa. Simu ya GB 8 ikibakiwa na megabaiti 300, kila kitu kinakwenda kwa kusuasua hata usipofungua programu yoyote. Ndani ya WhatsApp, kwenye mipangilio ya hifadhi na data, faili zimepangwa kwa ukubwa. Anza na video za magrupu. Kisha futa akiba ya kivinjari. Angalia usiguse kufuta data, hiyo inaondoa kila kitu pamoja na akaunti uliyoingia. Ukimaliza, zima simu na uiwashe.

Katika ile menyu ya wasanidi kuna pia kikomo cha programu za nyuma, yaani ngapi ziruhusiwe kubaki kwenye RAM ukishaziacha. Kwa RAM ya GB 1, jaribu mbili au tatu. Ukizima na kuwasha simu, kikomo hicho kinajifuta, itabidi ukiweke tena.