Nilivyolipa fidia ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka

Rasimu ya makubaliano ilinifikia saa kumi jioni, siku moja kabla ya tarehe iliyopangwa ya kusainiwa. Kampuni ilikuwa imekubali kumlipa mama mmoja dola 60,000 ili afute kesi ya ubaguzi kazini, na mimi, mtu wa mishahara, nilitakiwa kuandaa hundi. Kifungu cha malipo kilikuwa mstari mmoja: dola 60,000, baada ya makato ya kisheria. Makato yapi, kwenye kiasi gani? Hakuna aliyeandika.

Jioni hiyohiyo nilimpigia wakili wetu. Hapa Marekani fedha za namna hii hutozwa kodi kulingana na kile zinachofidia. Malimbikizo ya mshahara ni mshahara hata kama mtu ameshaondoka: yanakatwa kodi ya mapato, hifadhi ya jamii asilimia 6.2 na Medicare, bima ya afya ya wazee, asilimia 1.45, na mwajiri anaongeza kiasi kilekile cha hayo mawili kutoka mfukoni mwake. Fidia ya mateso ya moyo haikatwi kitu siku ya kulipwa, lakini bado ni kipato, na aliyeipokea ataitolea kodi mwenyewe. Kinachosamehewa ni fidia ya jeraha au ugonjwa wa mwili, na kesi hii haikuwa nayo.

Pendekezo la kwanza liliita dola 5,000 tu mshahara. Nililipinga. Nilifungua faili la mama yule: alikuwa akilipwa dola 3,000 kwa mwezi, na alikaa miezi minane bila kazi. Hiyo ni 24,000, na ndiyo niliyotaka iandikwe. Mshahara ukiandikwa pungufu, rekodi ya hifadhi ya jamii inapungua, na rekodi hiyo ndiyo itakayompa pensheni uzeeni. Na wakaguzi wakija, mwajiri ndiye atakayedaiwa makato ambayo hakukata. Mawakili walivutana siku tatu, kisha wakakubaliana: 24,000 mshahara, 16,000 mateso ya moyo, 20,000 ada ya wakili wake.

Likabaki suala la kiwango cha kodi ya mapato. Aliondoka Novemba, tukamlipa Agosti iliyofuata. Kwa kuwa mwaka uliotangulia tulishamkata kodi kwenye mshahara wa kawaida, tuliruhusiwa kutumia asilimia 22 moja kwa moja. Angekuwa ameondoka miaka mitatu nyuma, njia hiyo isingekuwepo. Ningerudi kwenye fomu yake ya W-4, ile ambayo mfanyakazi humweleza mwajiri amkate kodi kiasi gani. Hili husahaulika sana. Mwenzangu alidhani kwa hifadhi ya jamii na Medicare tunafuata viwango vya mwaka ambao mshahara ulipaswa kulipwa, lakini Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2001, katika kesi ya klabu ya besiboli ya Cleveland, kwamba kinachohesabika ni mwaka wa malipo.

Nikakata 5,280 ya kodi ya mapato, 1,488 ya hifadhi ya jamii na 348 ya Medicare. Jimbo letu halitozi kodi ya mshahara, kwa hiyo zikabaki 16,884. Sehemu yetu kama mwajiri, dola 1,836, ilikuwa nje ya zile 60,000, na hakuna aliyekuwa ameitenga. Niliifuatilia kwa meneja wa fedha mpaka ikatoka. Sikutoa hundi yoyote kabla ya kupata W-9, fomu ya kutoa namba ya mlipakodi, ya mama yule na ya wakili wake, maana bila namba hiyo ningelazimika kukata asilimia 24 kwenye yale malipo mengine.

Wiki iliyofuata mama yule alinipigia. Sauti yake ilikuwa chini. Aliuliza nani amechukua dola 7,116. Nilimsomea mstari kwa mstari, akaelewa. Kilichomuuma zaidi ni fomu ya 1099, taarifa ya malipo yasiyo mshahara, niliyomwambia itakuja: ingeonyesha dola 36,000, pamoja na zile 20,000 za wakili ambazo hakuzishika. Nikamweleza kwamba sheria inahesabu ada ya wakili kuwa kipato cha mteja, lakini tangu 2004 mtu wa kesi ya ubaguzi anaruhusiwa kuiondoa kwenye kipato chake anapojaza ritani. Nikamsihi aende kwa mhasibu akiwa na nakala ya makubaliano, ukurasa wenye mgawanyo.

Aliniomba nirudie polepole aandike. Nikarudia, kisha nikamuuliza anwani yake ya sasa, ili W-2, taarifa ya mshahara na makato ya mwaka, ya Januari isiende kwenye nyumba aliyokwisha kuhama.