Kumbukumbu ya mradi wangu: Uswisi kwa gari, kutoka mzunguko wa nchi nzima hadi Andermatt

Novemba

Ramani imehamia kwenye meza ya chakula, na nyumbani wameshazoea kula pembeni yake. Nilianza na mpango ambao kila anayetafuta habari za kuzunguka Uswisi kwa gari hukutana nao: Grand Tour, njia iliyozinduliwa na watu wa utalii wa kule mwaka 2015. Ni kama kilomita 1,640 zinazoizunguka nchi nzima, maziwa 22, njia tano za kuvuka Alps, na vibao vyekundu vya kukuongoza. Vibao vyenyewe vimewekwa kwa upande mmoja tu, mwelekeo wa mshale wa saa. Ukiamua kwenda kinyume, jitafutie njia mwenyewe.

Kwa mtu aliyezoea kutoka Dar alfajiri na kulala Mbeya, 1,640 si namba ya kutisha. Nikapanga ratiba, nikamtumia shemeji, mume wa dada yangu, anayeishi Basel. Hakujibu kwa maandishi. Alipiga.

"Shemeji, hizi kilomita zako zipeleke Singida. Huku milimani tunahesabu saa."

Akanichukulia kipande kimoja: Innertkirchen hadi Gletsch, kupitia Grimsel, njia ya kuvuka milima. Kwenye ramani ni kilomita thelathini na kidogo. Kwa gari ni karibu saa nzima endapo hutasimama popote, "na nani atapanda Grimsel asisimame?" Kule juu kuna mabwawa ya umeme yamejaa maji ya rangi ya maziwa yaliyotiwa kijani, kwa sababu barafu husaga miamba na kuupeleka unga wake mtoni. Watu husimama, hupiga picha, hunywa kahawa, na mchana umekwisha.

Ratiba nimeifuta. Sasa swali limebadilika: kama nina siku chache tu za kukaa na usukani, nizitumie wapi?

Januari

Nimejifunza kwamba kule mwenye barabara ni theluji.

Furka, njia nyingine ya kuvuka milima, iko mita 2,429 juu ya usawa wa bahari. Mtanzania aliyewahi kuvuka uwanda wa Kitulo amepita juu zaidi ya hapo, na akaona watu wanavuna viazi. Baridi ipo, ukungu upo, asubuhi za Juni na Julai nyasi huganda, lakini barabara haifungwi. Furka iko nyuzi 46 kaskazini ya ikweta, kwa hiyo urefu uleule wa mlima una hali nyingine kabisa: kuanzia vuli hadi mwanzo wa kiangazi chao barabara imelala chini ya theluji. Kwa kawaida Furka, Grimsel na Susten hufunguliwa mwishoni mwa Mei au ndani ya Juni, na hufungwa tena Oktoba au theluji kubwa ya kwanza ikishuka, mojawapo itakayotangulia. Tarehe hutegemea mwaka. Pembeni mwa barabara husimikwa nguzo ndefu ili wenye mitambo ya kuondoa theluji wajue ukingo uko wapi na genge linaanzia wapi.

Zipo zinazoachwa wazi mwaka mzima: Julier, Maloja, Bernina, Simplon. Hazifungwi ila siku za dhoruba. Anayeweza kupata likizo Desemba tu, hizo ndizo zake. Mimi nimeomba Julai.

Februari

Nimekaa na ramani za Swisstopo, ramani za taifa, ambazo ziko bure mtandaoni. Ukizivuta karibu unaona mistari ya mwinuko, njia za mbuzi, hadi mabanda ya ng'ombe. Nilichokuwa nafuata ni mito, na mito ndiyo iliyonipa jibu.

Angalia mji wa Andermatt, katikati ya nchi, kama mita 1,440 juu. Mto Reuss unapita hapo ukielekea kaskazini, unaingia ziwa la Lucerne na mwishowe unafika Rhine na Bahari ya Kaskazini. Panda Furka upande wa magharibi, uvuke kilele: maji unayoyaona sasa ni ya Rhone, yanakwenda ziwa la Geneva na kuishia Mediterania. Panda Gotthard upande wa kusini: ni Ticino, inayoingia Po na kumwagika Adriatiki. Panda Oberalp upande wa mashariki: Rhine yenyewe inaanzia kule, karibu na kiziwa cha Toma. Juu ya Oberalp, mita 2,044, wamesimika mnara wa taa wa meli, mwekundu, mfano wa ule uliokuwa Uholanzi mto unakoishia. Mnara wa taa mlimani! Mtu wa pwani hawezi kuupita bila kwenda kuushika.

Basi mpango ndio huo. Nakodi chumba Andermatt, mizigo inabaki pale, na kila siku natoka upande mmoja wa dira na kurudi kulala. Grand Tour wapewe wenye mwezi mzima. Mimi nataka nijue fundo moja vizuri.

Mizunguko mikubwa ni miwili.

Wa kwanza: kushuka Wassen, kupanda Susten, kuteremka Innertkirchen, kupanda Grimsel, Gletsch, Furka, nyumbani. Kama kilomita 120, na shemeji anasema niitengee siku nzima bila huruma. Susten ndiyo changa kati ya hizo tatu. Ilijengwa kati ya 1938 na 1945, tayari gari lipo, na inaonyesha: mteremko wa wastani, kona pana, mahandaki mafupi, na upande wa magharibi barafu ya Stein inaning'inia juu ya ziwa lake. Furka ni ya zamani zaidi, nyembamba, na kipande cha kuteremkia Gletsch kina ukingo wa kukutia adabu. Hapo kwenye kona ndipo ilipo Hotel Belvédère, iliyofunguliwa karne ya 19 wakati barafu ya Rhone ilikuwa jirani ya mlango. Leo hoteli imefungwa na barafu imerudi nyuma. Picha za zamani zinaionyesha imeteremka hadi bondeni, karibu kabisa na Gletsch. Kwa miaka mingi wamechonga pango la kuingia ndani ya barafu hiyo, na kiangazi wakaifunika kwa vitambaa vyeupe isiyeyuke upesi. Nimetazama picha za vitambaa hivyo mara nyingi. Vimechakaa, vina matope, vimeraruka pembeni, na chini yake maji yanachuruzika. Anayejua habari za barafu ya Kibo hahitaji kuelezwa.

Wa pili: Gotthard, Airolo, Nufenen, Ulrichen, kisha Furka tena, kama kilomita 110. Nufenen ina mita 2,478, ndiyo ya juu kuliko zote zilizo ndani ya Uswisi tupu, na ilifunguliwa kwa magari mwaka 1969 tu. Lakini ninayoingojea ni Tremola, barabara ya karne ya 19 ya kuteremkia Airolo: kona 24 za kurudi nyuma, zimepangwa mawe ya matale kwa mkono. Shemeji alinitumia video aliyopiga kupitia kioo cha mbele. Mawe madogo yamepangwa kwa mapinde, kama magamba ya samaki, na kukiwa na unyevu yanang'aa. Sauti ya matairi inabadilika, inakuwa mngurumo wa chini, na dada yangu anasikika nyuma akisema, "Baba Asha, polepole basi." Onyo alilonipa ni moja: barabara mpya inakupitisha mbali bila wewe kujua. Ukifika juu, kwenye nyumba ya zamani ya wasafiri, tafuta kibao cha Tremola na uache barabara kuu.

Wenye haraka hupita chini, kwenye handaki la Gotthard la kilomita 16.9 lililofunguliwa 1980. Wikiendi za likizo foleni yake ni habari ya redio. Upenyo wa pili bado unachimbwa.

Machi

Mambo ya karatasi, haraka haraka. Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen tangu 2008, kwa hiyo visa ni ile ile ya Schengen: euro 90, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, mwaliko, taarifa za benki. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla. Nimeshapeleka.

Gari sasa. Barabara kuu za kasi, zenye vibao vya kijani, zinahitaji stika ya faranga 40 kwa mwaka. Ukikamatwa huna, unatozwa 200 na stika yenyewe unainunua juu yake. Siku hizi ipo pia ya kielektroniki inayofungwa kwenye namba ya gari, lakini gari la kukodi hujui namba yake hadi ukabidhiwe ufunguo, kwa hiyo uliza mapema kama stika imo. Hapa kuna jambo la viwanja vya ndege. Kiwanja cha Basel kiko kwenye ardhi ya Ufaransa, na kina upande wa Uswisi na upande wa Ufaransa. Geneva nako kuna upande wa Wafaransa. Gari la upande wa Ufaransa mara nyingi ni nafuu, ila usitegemee kukuta stika. Mimi nachukulia Zürich, yaishe.

Nimekodi la oto. Kule wanaendesha kulia, sisi kushoto, na sitaki mkono wangu wa kushoto uhangaike na mlango ukitafuta gia huku mbele kuna kona. Leseni ya kimataifa nimechukua kwa kuwa wakodishaji wengi huidai, na amana wanataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, si la mkewe.

Mwendo: 50 mjini, 80 nje ya mji, 120 barabara kuu, taa zinawashwa hata mchana. Tochi zimejaa, nyingine ni masanduku yaliyosimama tu pembeni, na hakuna mtu wa kumwambia "afande, tuyajenge". Bili itanifuata hadi kwa mkodishaji, naye ataongeza ada yake.

Kisha kuna basi la posta. Ni la njano, refu, linapanda hadi vijiji vya mwisho. Barabara yenye kibao cha buluu chenye pembe ya njano ni barabara ya basi hilo: dereva wake akikuonyesha urudi nyuma, unarudi, hakuna mjadala. Kwenye kona zisizoonekana hupiga honi ya sauti tatu. Zaidi ya hapo, kwenye mteremko mwembamba anayepanda ana haki. Anayeteremka ndiye husubiri au kurudi nyuma, labda yule mwingine awe karibu zaidi na sehemu ya kupishania.

Aprili

Tulikwenda Lushoto na rafiki yangu fundi, gari lake la oto. Njia ya kutoka Mombo ina kona za kutosha na genge la kutosha kwa mtu anayetaka kufundishwa. Kuteremka alinikataza kukanyaga breki mfululizo. "Rudisha gia, iache injini ishike, breki iguse tu kabla ya kona." Tulisimama katikati ya njia akanishikisha ringi la gurudumu: uvuguvugu. Kisha akaendesha yeye kipande kinachofuata kwa breki tupu, makusudi, akasimama tena, akanionyesha kwa kidole bila kuligusa. Harufu ilitosha.

Tukashuka tukala mahindi ya kuchoma Mombo.

Mei

Visa imetoka. Chumba cha Andermatt kimelipiwa, chenye jiko, kwa sababu bei za mikahawa ya kule nimezisoma na kuzifunga. Tutanunua vyakula dukani Jumamosi, maana Jumapili maduka mengi hufungwa. Maji hatununui: visima vya mawe vijijini hutiririsha ya kunywa, ila ukiona kibao kinachosema "kein Trinkwasser" usinywe.

Kila asubuhi kabla ya kazi natazama kamera ya Furka. Wiki hii bado nyeupe tupu. Susten mitambo iko kazini. Hali ya njia zote huonyeshwa kwenye tovuti ya TCS, chama cha wenye magari, pamoja na tangazo la kila inayofunguliwa.

Julai nayo theluji inaweza kuanguka juu kwa siku moja au mbili, kwa hiyo nimeandaa siku ya mvua. Furka ikifungwa kuna treni inayobeba magari kutoka Realp hadi Oberwald, handaki la kilomita 15.4. Unaingiza gari juu ya behewa, unakaa ndani yake, unatokea upande wa Rhone. Hali ikiwa mbaya kotekote, tunashuka kwa miguu bonde la Schöllenen hadi Daraja la Shetani, si mbali na mjini. Hadithi yao ni kwamba shetani alijenga daraja ili achukue roho ya kwanza itakayovuka, watu wa jimbo la Uri wakamtangulizia beberu. Akakasirika, akabeba jiwe ili avunje daraja, akalitupa njiani. Jiwe lipo chini huko Göschenen, zaidi ya tani 200, na katika miaka ya 1970 wajenzi wa barabara kuu walilisogeza kwa gharama kubwa kuliko kulilipua.

Mji wa Zermatt umetolewa kwenye orodha. Magari ya petroli hayaingii, unayaacha Täsch na kupanda treni, na kutoka Andermatt kwenda na kurudi inakula siku nzima bila kuvuka chochote nilichokifuata. Dada hakufurahi, alitaka picha ya mlima Matterhorn. Tumekubaliana atapanda treni mwenyewe na watoto, shemeji atakuja nami Nufenen, na mwenye njaa kwanza ndiye atakayepika.