Kiti cha Enzi na Mtoto wa Nje ya Ndoa

Katika vikao vya urithi hapa Mumias, mara nyingi husikika hoja kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hana fungu, kwa kuwa hata katika falme kubwa mtoto wa namna hiyo hakuruhusiwa kukikalia kiti cha baba yake. Hoja hiyo huniumiza, kwanza kwa sababu inamwadhibu mtoto kwa jambo ambalo hakulitenda, na pili kwa sababu historia ya falme hizo haisemi hivyo.

Nchini Uingereza, mwanamfalme John wa Gaunt alizaa watoto wanne na Katherine Swynford kabla ya kumwoa mwaka 1396. Mwaka uliofuata walitangazwa bungeni kuwa watoto halali. Hata hivyo, mwaka 1407, mfalme Henry IV, ndugu yao wa baba mmoja, alipoithibitisha hati hiyo aliongeza maneno matatu ya Kilatini yaliyowanyima taji. Aliyeyaongeza ndiye aliyekuwa na kiti cha kukilinda yeye na wanawe. Mwaka 1485 kilembwe wa John kupitia ukoo huohuo, Henry VII, alilitwaa taji vitani Bosworth.

Mjukuu wake Elizabeth ndiye anayenigusa zaidi. Alizaliwa Septemba 1533 akiwa mrithi. Mei 1536 mama yake, Anne Boleyn, alikatwa kichwa, na baadaye mwaka huohuo bunge likamtangaza Elizabeth kuwa mtoto asiye halali akiwa hajatimiza miaka mitatu, kwa kuwa baba yake alikuwa ameibatilisha ndoa ile na kuoa mke mwingine. Sheria ya mwaka 1544 ilimrudisha miongoni mwa warithi bila kumwita halali, na hata bunge lake mwenyewe, lililoithibitisha haki yake ya kutawala mwaka 1559, halikuifuta hukumu ile ya utotoni. Alitawala hivyo hivyo kuanzia 1558 hadi 1603.

Kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga wa hapa aliyefariki mwaka 1949, wake walikuwa wengi, na katika milki ya namna hiyo ubishi huwa zaidi juu ya nyumba itakayotoa mrithi. Jirani zetu Waganda wana utaratibu wao: mwana mkubwa wa Kabaka (mfalme wao), anayeitwa Kiweewa, harithi kiti kabisa.

Kwa shamba la ekari mbili hatuhitaji kuwauliza wafalme. Sheria ya Urithi, inayotumika Kenya tangu mwaka 1981 (ingawa mirathi ya Waislamu, ambao ni wengi mjini hapa, ina utaratibu wake), inamhesabu kuwa mtoto wa marehemu yeyote ambaye marehemu alimtambua waziwazi, au alimkubali kwa vitendo, au alijitwika kwa hiari jukumu la kudumu la kumlea. Ndiyo maana nimeona mama akiingia kikaoni na mfuko wa plastiki uliojaa risiti za karo zenye jina la marehemu, akiziweka mezani moja moja mbele ya wazee wa ukoo. Risiti hizo ni ushahidi wa kweli. Na ndugu watakaokwenda kwa chifu kuandikiwa barua ya orodha ya warithi huku wakimficha mtoto huyo wajue kwamba mahakama inaweza kuibatilisha hati ya usimamizi wa mirathi wakati wowote, hata baada ya kuthibitishwa.