Begi la Kwenda Shimba

Alhamisi, baada ya isha

Habari ya begi imekwisha. Nimelipata, na fundi ameshalirekebisha. Iliyobaki ni habari ya vitu vya kutia ndani, na hiyo ndiyo iliyonikalisha macho hadi sasa. Jumamosi, inshallah, mimi na wifi yangu tunavuka Likoni alfajiri kwenda hifadhi ya Shimba Hills kumtafuta palahala, yule swala mkubwa.

Aliyenitia wazimu huu wa mabegi ni mtoto wa ami yangu aliye Wisconsin. Kila Novemba huingia msituni kuwinda kulungu wa mkia mweupe, katika ule msimu wao wa bunduki wa siku 9, na ikifika Oktoba hana mazungumzo mengine. Nilipomwambia kwamba nami naenda kuwinda, ila kwa kamera, akanitumia picha ya vitu vyake vyote vimemwagwa sakafuni: kisu na kinoo, kamba, glavu za mpira, mifuko ya kitambaa ya kutilia nyama, taa ya kichwa na betri za akiba, dira, soksi kavu, sweta juu ya sweta, thermosi, na vile vipakiti vya kupasha vidole moto. Juu ya vyote, kizibao cha rangi ya chungwa kali, maana sheria ya kule inataka mwindaji aonekane na wawindaji wenzake. (Siku hizi wanaruhusu na waridi kali. Ningeshinda huko kwa ajili ya hilo tu.)

Nilimuuliza kisu kikubwa hivyo cha nini, na bunduki anayo. Akanieleza kwamba akifyatua hupiga Bismillahi, lakini akimfikia kulungu bado ana roho, ni lazima amchinje. Na hata akimkuta amekwisha kufa, kuna kumpasua na kumtoa matumbo pale pale kabla nyama haijaharibika. Kisha kuna kumtoa msituni. Begi lake lina fremu, na kati ya fremu na mfuko pana nafasi ya kufungia mapaja. Kulungu dume mzima anaweza kupita kilo 70. Ukiiacha mifupa yote nyuma, nyama peke yake bado ni mzigo wa kumpinda mtu mgongo. Hapo nikamwelewa. Begi lile kalinunua kwa ajili ya safari ya kurudi.

Langu ni kinyume chake. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na Shimba sitatoka na kitu ila picha na vumbi la viatu. Mwenzangu huenda mwepesi akarudi mzito. Mimi nitakwenda mzito, na kila nikinywa maji mzigo unapungua. Fremu ya nini? Sweta la nini? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huyu bwana kila akiniambia "ongeza na hiki, hakina uzito", najua si yeye atakayepanda nacho kutoka maporomoko ya Sheldrick, kule Shimba, saa sita za mchana.

Begi nimelitoa Kongowea, kwenye mitumba. Madukani mapya yapo tele, yanang'aa, lakini mengi ukivuta zipu mara mbili inakwama kwenye kona. Begi la mtumba limeshabebwa na mtu miaka; lililokuwa la kuchanika limeshachanika na halikufika hapa. Muuzaji alinitolea kwanza begi la wawindaji hasa, la madoa ya majani makavu, lenye mifuko mingine hata kazi yake siijui.

"Hili asli, dadangu. Limetoka Marekani moja kwa moja. Mvua hailiingii hili."

Roho ilinitoka, sitasema uongo. Lakini rangi za kijeshi hapa kwetu si mchezo. Raia akizivaa anaweza kukamatwa, nami sina haja ya kusimamishwa kivukoni nieleze kwamba madoa haya ni ya kumkimbiza kulungu wa Wisconsin. Nikamrudishia.

Jambo moja la mtoto wa ami nimelichukua zima zima: lisikilize begi kabla hujalilipia. Nailoni ngumu ikisuguana na tawi, au na nguo yako mwenyewe, hulia shaa, shaa, na mnyama anakuwa na habari zako kabla hujamwona. Kwa hivyo nilikuwa navaa begi baada ya begi, natembea kati ya marobota huku nazungusha mabega na kutega sikio, na vijana wa pale wakaacha kuuza wakawa wananitazama. Nililolichagua ni la kijivu, la lita 28, kitambaa laini, zipu zimeandikwa YKK, na chini lina mkanda mpana wa kiunoni wenye sponji.

Mkanda huo ndio nusu ya bei kwangu. Ukiukaza juu ya mifupa ya nyonga, uzito hushuka kiunoni, na mabega yanabaki kuzuia begi lisiyumbe tu. Lakini haufanyi kazi kama begi halilingani na mgongo wako, na mgongo hauendi na kimo cha mtu. Inamisha kichwa, papasa ule mfupa unaotokeza shingoni, kisha pima kutoka hapo hadi usawa wa ncha za juu za nyonga. Fundi cherehani wangu alinipima kwa futi yake akidhani nashona koti. Inchi 17. Begi lilikuwa sawa. Ila mkanda wa kifuani ulikaa pabaya kwa mwanamke, akaushusha kidogo. Na kitu ambacho mtoto wa ami asingekijua hata kwa miaka mia: mkanda wa kiunoni juu ya dera huteleza wote, begi likaishia makalioni. Jumamosi ni suruali pana na kanzu fupi ya pamba.

Sasa mizani. Jirani yangu huuza samaki, ana mizani ya kutundika, na leo magharibi nimemwomba anipimie begi mlangoni pake, likaning'inia kwenye ndoana inayonuka changu. Tupu, kilo 1.1. Kisha nikaanza kutia.

Maji lita 3. Hizo ni kilo 3 kamili, hakuna fundi wa kuyapunguza, na kwa joto letu na unyevu wake mimi sibishani na maji. Kinachobishaniwa ni chupa. Tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia na kutupa haziruhusiwi ndani ya mbuga na hifadhi zetu, kwa hivyo yale maji ya dukani ya kunywa na kutupa hayaingii langoni. Nimechukua chupa mbili za chuma, ambazo zenyewe zina uzito. Ningepata za plastiki nene za kujaza tena ningepunguza gramu mia kadhaa. Nitaziangalia kesho Marikiti nikipita kununua tende.

Zamani kamera ningeifunga katika mfuko wa nailoni mvua ikija. Mifuko ile ilipigwa marufuku Agosti 2017, na siililii. Leso inatosha: inafunika kamera, inatandikwa kuswalia adhuhuri, inakausha uso, inakuwa mto. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu baada ya maji, ningechukua leso na kamera ningeazima. Kwa mvua ya kweli nina mfuko mmoja usiopenya maji, ule wa mabaharia, unakunjwa mdomo mara tatu na kufungwa.

Chakula: mahamri, tende, mayai ya kuchemsha. Mbaazi zibaki nyumbani, na ndizi pia, maana nyani wa pale wanajua begi likifunguliwa hata kabla ya mwenyewe. Dawa: plasta, bendeji, pakiti mbili za chumvi na sukari za kuchanganya na maji. Tochi nimeitoa. Mwenzangu anaihitaji kwa sababu jua la Novemba kule huzama mapema na anaweza kuwa bado anavuta mnyama gizani. Sisi saa kumi na mbili jioni tunatakiwa tuwe tumetoka langoni. Dira pia nimeitoa. Hakuna anayeshuka Sheldrick peke yake, askari wa KWS, shirika la wanyamapori, hufuatana nanyi kwa ajili ya ndovu, na huyo njia anaijua.

Mizani ikasoma kilo 8.6, kamera na lenzi zikiwemo. Jirani akasema, "Huyu ni nguru mzuri." Wapandaji milima hupenda kusema mzigo usipite moja ya tano ya uzito wa mtu, nami nina kilo 61, kwa hivyo kwa hesabu yao niko salama sana. Hesabu yao ilipigwa penye baridi. Njia ya Sheldrick ni kama kilomita 2 kwenda, yote mteremko, na maporomoko ya mita 21 yanakungoja chini. Raha yote iko kushuka. Kurudi ni kule kule, juu, huku msitu umefunga upepo.

Nimetazama kilichobaki mezani, na mkosaji ni lenzi. Ile ya mm 150 hadi 600 ni karibu kilo 2 peke yake. Lakini palahala haishi kwenye maporomoko. Shimba ndiyo makao yake ya pekee Kenya nzima, na ndani ya Shimba hupenda uwanda wa majani. Tutamtafuta tukiwa ndani ya gari, dume jeusi lenye pembe zilizopinda nyuma, na garini kilo 2 si kitu. Kule msituni mwanga ni hafifu, miti imesongamana, lenzi ndefu ya nini? Ya kupigia picha gome?

Kwa hivyo lenzi itabaki garini kwa dereva, imefungwa kwa leso ya pili, na nitakwenda Sheldrick na ile ndogo. Wifi ananiambia nitajuta nikikutana na ndege wa ajabu. Huenda. Nafasi ile nitatia lita moja zaidi ya maji, yake yeye, maana namjua: atakuja na kipochi cha mkononi na miwani, na kufika nusu ya kilima atauliza nani ana maji.