Majirani Wangapi Unawajua kwa Jina?

Huu ni mwaka wangu wa tisa Marekani, na bado jamaa zangu wakinipigia simu hudhani kwamba natengeneza kompyuta. Nimechoka kuwasahihisha. Ninachotafiti ni namna mitandao ya kompyuta inayoundwa kwa ajili ya mtaa au mji mmoja inavyougusa ujirani wa watu waliounganishwa nayo.

Utafiti ulionitia katika fani hii ni wa Keith Hampton na Barry Wellman, waliochunguza kitongoji kipya karibu na Toronto, Kanada, ambacho wao wenyewe walikiita Netville. Kati ya nyumba 109, ni 64 tu zilizounganishwa na mtandao wa mtaa. Nyingine zilisubiri bila kuunganishwa, na kwa kasoro hiyo watafiti wakajipatia kundi la kulinganisha, kitu ambacho sisi hukitafuta kwa tochi. Hampton alihamia humo akaishi na wakazi, jambo ninalolistahi kuliko takwimu zake zote. Waliounganishwa waliwatambua kwa majina majirani wapatao 25, ilhali wenzao waliwatambua 8 hivi. Na nyumba zilipoonekana kuwa na kasoro, walitumia mtandao huohuo kujipanga dhidi ya kampuni iliyozijenga. Idadi ya ujumbe uliotumwa ni rahisi kuhesabu, lakini haikwambii nani alimbishia nani hodi.

Kwa hiyo nami, popote ninapopeleka dodoso, huanza na swali hilo la majina. Safari moja nilimhoji bibi mmoja mstaafu, mezani pake, naye akayajibu maswali yote kwa subira, akihesabu majirani kwa vidole na kurudi nyuma kila alipomkumbuka aliyemsahau. Tulipomaliza akanisogezea karatasi, akaniuliza: "Na wewe, huko unakoishi, unawajua wangapi?" Nilihesabu kimoyomoyo nikapata mmoja, naye nilimjua kwa sababu barua zake hutiwa kimakosa katika sanduku langu. Akacheka, akachukua kalamu yangu, akaandika jina lake kwenye kona ya dodoso. "Basi nihesabu na mimi, wawe wawili."

Kwa kanuni za utafiti, dodoso halipaswi kubeba jina la mhojiwa. Jioni ile nilinakili majibu yake kwenye karatasi nyingine, kisha nikaikata ile kona na kuitia katika pochi yangu.